Imla ya Hatimkato Yenye Majina na Tarakimu: Usomewe, Ujirekodi au Usikilize Bunge?

Matangazo ya nafasi za Katibu Mahsusi na Mwandishi Mwendesha Ofisi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakirudia sharti moja kwa miaka mingi: mwombaji awe amefaulu somo la hatimkato (mwandiko wa mkato wa kunasa maneno yanaposemwa) ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 au maneno 100 kwa dakika moja. Wanafunzi wengi wa uhazili huufikia mwendo huo katika imla ya maneno ya kawaida, kisha hukwama pale barua inapotaja mtu, wilaya, tarehe na kiasi cha fedha ndani ya sentensi moja. Makala haya yanalinganisha njia ambazo mtahiniwa anaweza kuzitumia kujinoa katika eneo hilo, ili kila mmoja achague inayomfaa. Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa: njia iliyo bora kwa majina siyo iliyo bora kwa tarakimu, na anayetumia njia moja kwa vyote viwili hujikuta amefanya mazoezi mengi huku makosa yake yakibaki pale pale.

Ugumu wenyewe uko wapi

Katika sentensi za kawaida, Kiswahili chenyewe humbeba mwandishi wa hatimkato. Ukisomewa kwamba vyeti vya watumishi wapya vilivyopotea vimepatikana, ukakosa kumaliza umbo la neno moja katikati, upatanisho wa kisarufi utakurudisha njiani wakati wa kunakili, yaani kuyageuza maumbo kuwa maandishi ya kawaida, kwa sababu ngeli ya vyeti imeacha alama yake katika vya, vilivyopotea na vimepatikana. Jina la mtu halina msaada huo. Hakuna kitu katika sentensi kinachokueleza kama aliyelipwa ni Kimaro au Kimario, wala kama barua imetoka Tunduru au Tunduma, ingawa mji mmoja uko Ruvuma na mwingine Songwe.

Tarakimu zina msaada kidogo, na inafaa kujua unapoishia. Moja hadi tano, pamoja na nane, huchukua kiambishi cha ngeli: watumishi wawili, viti vitatu, magari manane. Sita, saba, tisa na kumi hazichukui chochote. Kwa hiyo ukisikia kiambishi, hata kama tarakimu yenyewe imekupita nusu, umeshajua kwamba si sita, saba wala tisa. Usiposikia kiambishi katika ngeli inayokidai, hizo ndizo zinazobaki, na ndizo zinazokosewa zaidi. Ongeza hapo sitini na tisini, ambazo zina sauti zile zile isipokuwa T na S za mwanzo zimebadilishana nafasi, na utaona kwa nini mtu anayeandika Kiswahili kwa kasi huandika 60 mahali pa 90 bila hata kuhisi kwamba amekosea.

Watu wengi hudhani majina na tarakimu zinasumbua kwa sababu moja, yaani kasi. Hesabu ndogo inaonyesha vinginevyo. Kiasi cha Sh. 2,345,600 kikisomwa kwa Kiswahili ni milioni mbili laki tatu elfu arobaini na tano mia sita, yaani maneno 10. Katika mwendo wa maneno 100 kwa dakika, msomaji anatumia sekunde 6 kuyasema, na katika maneno 80 anatumia sekunde 7 na nusu, wakati wewe una tarakimu 7 tu za kuandika. Muda upo wa kutosha. Sasa chukua maneno haya: Ndugu Mwanahamisi Kimario wa Kishapu. Ni maneno 5, sekunde 3, lakini yana silabi 15, na zile 12 za majina huwezi kuzibashiri. Majina yanakunyima muda. Fedha inakupa muda wa kutosha lakini inakuvurugia mpangilio. Maradhi mawili tofauti hayatibiwi kwa dawa moja, na hiyo ndiyo sababu ya ulinganisho huu.

Kusomewa na mwenzako

Njia ya kale kuliko zote ni kukaa na mwenzako, mmoja asome na mwingine aandike, kisha mbadilishane. Ili kupima njia zote kwa kipimo kimoja, tuchukue sentensi hii:

Tafadhali mlipe Ndugu Rehema Kimario wa Kilosa shilingi elfu mia mbili na tano kabla ya tarehe kumi na sita Septemba.

Ina maneno 20 kamili, hivyo kwa mwendo wa maneno 80 inapaswa kusomwa kwa sekunde 15, na kwa mwendo wa maneno 100, sekunde 12. Mpe mwenzako sentensi hii na saa ya simu, umwambie aisome kwa sekunde 15. Atakapofika kwenye jina la Rehema Kimario atapita bila shida, kwa kuwa majina hayo ameyazoea. Lakini kama karatasi yake imeandikwa Sh. 205,000, atasita. Atahesabu sifuri kwa macho, atachagua kama aseme laki mbili na elfu tano au elfu mia mbili na tano, na sekunde moja au mbili zitapita kimya. Kimya hicho ni zawadi ambayo hukuomba na ambayo chumba cha mtihani hakitakupa, kwa sababu msomaji wa mtihani ameipitia imla yake kabla ya kuingia. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kusomewa, na haihusiani na nia njema wala uvivu wa mwenzako. Jicho la msomaji yeyote hupungua mwendo linapokutana na tarakimu ndefu.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kumwandikia kiasi hicho kwa maneno, jambo linalomfanya asome kwa mwendo sawa lakini kwa namna uliyoichagua wewe, ukawa umejisomea mwenyewe kwa mdomo wa mtu mwingine. Ya pili, ambayo mimi huipendelea, ni kumwachia tarakimu kama zilivyo na kumpa dakika tano azipitie kabla ya kuanza, ili mtindo uwe wake na mwendo usikatike. Wasomaji hutofautiana sana hapa: 350,000 kwa mmoja ni laki tatu na nusu, kwa mwingine ni laki tatu na elfu hamsini, kwa wa tatu ni elfu mia tatu na hamsini. Mtahiniwa aliyezoea mtindo mmoja tu hupigwa na mshangao mdogo kila anaposikia mwingine, na mshangao mdogo kwa maneno 100 ni maneno matatu yaliyopotea.

Kwa upande wa majina, hakuna njia inayoikaribia hii. Ugumu wa jina haumo katika kuliandika pekee bali katika kulisikia likitoka kwenye kinywa usichokijua. Msomaji aliyekulia Pemba atasema Khamis, wa Tabora atasema Hamisi. Kuna wanaotamka Salum na wanaotamka Salumu, Fatma na Fatuma, Said na Saidi. Wapo ambao R na L kwao hubadilishana bila wao kujua, na jina la ukoo wa Kagera au wa Mara likapita sikioni kwako likiwa na umbo ambalo hujawahi kuliona limeandikwa. Huwezi kujifundisha hayo kwa sauti yako mwenyewe. Ndiyo maana ninashauri kwamba anayechagua kusomewa asiwe na msomaji mmoja wa kudumu. Wanafunzi wanne wa bweni moja waliotoka mikoa minne wana thamani kubwa kwa zoezi hili kuliko mkufunzi mmoja hodari ambaye sauti yake mmeshaizoea tangu Hatua ya Kwanza.

Majina ya kusomewa yatoke wapi? Orodha za walioitwa kwenye usaili, ambazo hutangazwa hadharani, zina majina halisi ya nchi nzima. Changanya jina la kwanza la huyu na la ukoo la yule ili usiandike habari za mtu yeyote wa kweli. Kwa mahali, fungua ramani ya wilaya ukusanye zinazoanza kwa sauti moja. Kilosa, Kilolo, Kilindi, Kilwa na Kilombero zikiwekwa katika aya moja ni zoezi zito kuliko kurasa tatu za hotuba.

Kujirekodi kwa simu

Simu imewapa wanafunzi wa leo kitu ambacho waliotangulia hawakuwa nacho: msomaji asiyechoka. Unasoma imla mara moja, unaisikiliza usiku, asubuhi na kwenye daladala ukitaka. Mwendo nao unaongezwa bila kusoma upya. Imla iliyorekodiwa kwa maneno 80 ikichezwa kwa kasi ya 1.25 inakuwa ya maneno 100, na kwa kasi ya 1.5 inakuwa ya maneno 120. Anayetumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp ajue kwamba kasi iliyo juu ya kawaida huko ni 1.5 na 2, bila hatua ya katikati. Kwa hiyo anayelenga maneno 100 arekodi polepole, kwa maneno 66 hivi, ili 1.5 imfikishe karibu kabisa na 100.

Udhaifu wake unaonekana upesi katika majina. Ukiisikiliza imla yenye Rehema Kimario kwa mara ya tatu, humsikii tena Rehema, unamkumbuka. Mkono unaandika kabla sikio halijapokea, na unapolinganisha nakala yako na karatasi ya asili unajiona umeendelea kumbe umekariri. Kwa maneno ya kawaida kukariri hakuna madhara makubwa, kwani hata maumbo yaliyokaririwa yatarudi katika barua nyingine. Jina la Kimario huenda lisirudi kamwe.

Kwa tarakimu mambo ni kinyume chake, na hapa ndipo ninapoiweka rekodi juu ya njia nyingine zote, kwa sharti kwamba irekodiwe kwa kiunzi. Chukua sentensi yetu ya maneno 20, uache maneno yote yakae kama yalivyo, ubadilishe fedha na tarehe peke yake, kisha urekodi sentensi hiyo mara kumi mfululizo: mara shilingi elfu mia mbili na tano, mara milioni tatu na elfu tano, mara laki sita na elfu tisini, mara elfu sitini mia tisa. Kwa kuwa kiunzi umeshakijua, akili haihangaiki na Tafadhali mlipe, inasubiri fedha. Unarudia kitu kimoja kwa wingi ambao hakuna binadamu angekubali kukusomea, na mwendo haulegei hata mara moja, kwa sababu wakati wa kurekodi ulishazipitia tarakimu zote na kuzizoea. Ili usizikariri, rekodi viunzi vingi kwa siku moja na uviache wiki nzima kabla ya kuvitumia, au, bora zaidi, mbadilishane rekodi na wenzako.

Jambo moja la kuangalia ni kituo cha pumzi. Elfu ishirini na tano inaweza kuwa 25,000 au 20,005, na kinachotenganisha mara nyingi ni kimya kifupi baada ya ishirini, au msomaji mwangalifu kuigeuza na kusema ishirini elfu na tano. Programu inapoharakisha sauti, inaharakisha na vile vimya. Kwa hiyo rekodi iliyoongezwa kasi huwa ngumu kuliko msomaji halisi wa mwendo ule ule, hasa kwenye viwango vya namna hii. Si hasara kwa mazoezi, lakini usijihukumu kwa matokeo yake.

Simu nyingine na kompyuta zina sauti ya mashine inayosoma maandishi ya Kiswahili. Faida yake ni kwamba inaweza kusoma orodha yoyote ya majina bila kusita na bila wewe kuisikia kabla. Kwa majina ya asili ya Kiswahili na ya Kiarabu inajitahidi. Kwa Ng'wanza, Nshomile au Mwakyusa usiitegemee. Ninaiweka mwisho, nafasi ya anayeishi peke yake na hana wa kumsomea.

Kusikiliza Bunge, bajeti na redio

Wapo wanaoona njia zote mbili za juu ni za kitoto na wanaotaka sauti ya kazini. Kwao Bunge la Tanzania ni hazina, kwa sababu vikao hurushwa hewani na mijadala huchapishwa kama Taarifa Rasmi, yaani Hansard, ambayo inapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Unaandika kutoka kwenye sauti, kisha unasahihisha kwa maandishi. Majina yamejaa: wabunge na majimbo yao, mawaziri, vijiji ambavyo barabara zake zinaombewa fedha. Kila baada ya sentensi mbili kuna Mheshimiwa Spika, maneno ambayo umbo lake ukishalizoea huandikwa kwa pamoja na kukupa nafasi ya kupumua. Nadhani ni desturi ya Bunge iliyowasaidia wahazili bila Bunge kukusudia.

Hata hivyo, mbunge anayeona muda wake unakwisha hasomi kwa maneno 100 kwa dakika. Anakwenda zaidi, anarudia, anakatizwa, na Hansard iliyochapishwa imenyooshwa kiasi kwamba huwezi kujua kama neno lililokosekana ulilikosa wewe au lilifutwa na wahariri. Mtahiniwa ambaye bado anapigania maneno 80 atatoka hapo amevunjika moyo bila kujifunza. Anayefika 100 bila kutetereka, na ambaye anataka akiba ya kasi, ndiye atakayefaidi.

Hotuba ya bajeti ni kitu kingine, na inastahili kutenganishwa. Waziri wa Fedha anasoma kitabu, kitabu hicho kinachapishwa, na tarakimu zimo aya kwa aya, hivyo kusahihisha ni rahisi na hakuna ubishi. Lakini zitazame tarakimu zenyewe. Bajeti ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na hotuba nzima huenda kwa mtindo huo wa trilioni na bilioni zenye desimali. Barua ya ofisini, na imla inayoiga barua ya ofisini, huzungumzia posho ya laki mbili na elfu tano, hati ya malipo na namba ya kumbukumbu ya jalada yenye herufi, nukta na mikwaju. Mtu anaweza kuizoea bajeti mwezi mzima akabaki hajui kuandika 3,005,000 bila kupoteza sifuri. Faida moja ya kweli ya bajeti ni neno nukta. Katika imla ambayo msomaji anataja alama za uandishi, nukta huweza kuwa kituo cha sentensi au alama ya desimali, na sikio linahitaji kuzoeshwa kutambua kwamba ile iliyofuatwa na tarakimu moja moja si mwisho wa sentensi.

Taarifa ya habari ya redio haina maandishi ya kusahihishia, basi haifai kwa imla kamili. Ifanye zoezi la kuvua majina: acha habari ipite, kamata watu na mahali tu, kisha uone kama unaweza kuyasoma yote baada ya saa moja.

Tarakimu: vipande au moja kwa moja

Kuchagua chanzo cha sauti hakutoshi kama mkono haujaamua utafanya nini. Kwa tarakimu kuna kambi mbili.

Hatimkato ya Pitman, mfumo ambao makala haya yanaufuata na ambao ulichapishwa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1837, ulijengwa juu ya lugha inayotaja tarakimu kwanza na uzito wake baadaye. Ndiyo maana katika Kiingereza mwandishi huandika 4 kisha akaweka umbo la N kwa mia, au la M kwa milioni, kwa mfuatano ule ule anaousikia. Kiswahili kinaanza na uzito: milioni, kisha tatu, elfu, kisha hamsini. Anayehamisha mazoea ya Kiingereza moja kwa moja analazimika kushika milioni kichwani hadi tatu ifike, aandike tatu, ndipo aweke alama ya milioni, wakati huo laki nne imeshaanza kusemwa.

Kambi ya kwanza huandika kwa vipande kama inavyosikia: alama ya milioni na 3, alama ya laki na 4, alama ya elfu na 50, kwa alama zozote fupi alizofundishwa mtu na mkufunzi wake, kisha huunganisha wakati wa kunakili na kupata 3,450,000. Kambi ya pili huandika tarakimu kamili papo hapo, mikato ikiwa mahali pake. Kambi ya pili hupendeza, na ukurasa wake husomeka kirahisi, lakini huanguka kwenye viwango vyenye mapengo. Ukisikia milioni tatu na elfu tano, mkono wa haraka huandika 3,5,000 au 3,500,000, na hakuna kitu katika barua kitakachokuonya. Anayeandika vipande hawezi kukosea hapo, kwa sababu sifuri hazikuwahi kusemwa na yeye hakulazimika kuzibuni akiwa mbioni. Anaziweka baadaye, akiwa ametulia. Kwa mtahiniwa wa maneno 80 na 100 ninapendekeza vipande bila kusita kwa kila kiasi kinachovuka elfu moja. Moja kwa moja iachiwe miaka, tarehe, na namba zinazosomwa tarakimu moja moja kama za simu na za kitambulisho cha Taifa, ambacho kina tarakimu 20; hizo hazina uzito wa kutaja, na vipande vyake vingekuwa mzigo tu. Mwaka 1964 husomwa kwa maneno saba, elfu moja mia tisa sitini na nne, lakini mkono ulishajua kwamba ni 19 tangu ulipolisikia neno mia tisa.

Majina: irabu zote au la

Hapa ulinganisho ni mfupi, kwa kuwa upande mmoja hauna hoja nyingi. Katika maneno ya kawaida irabu huachwa ili kuokoa muda, na maana huzirudisha. Lakini Mushi, Mosha na Moshi zina konsonanti zile zile mbili, M na SH. Ukiacha irabu, una umbo moja kwa koo mbili na mji mmoja. Na hata ukiliweka umbo mahali pake kuhusiana na mstari wa karatasi, kulingana na irabu ya kwanza, Mosha na Moshi bado zinafanana, kwani irabu ya kwanza ya zote ni O. Shayo na Shao, Kimaro na Kimario ni matatizo ya aina hiyo hiyo. Unene wa mstari nao una deni lake: CH na J hutofautiana kwa wembamba na unene tu, jambo ambalo kalamu ya bolpeni haionyeshi, hivyo penseli iliyochongwa vizuri bado ina kazi.

Kwa hiyo jina likitajwa mara ya kwanza liandikwe na irabu zake, au angalau ile ya mwisho inayolitenganisha na ndugu zake, na liwekewe chini vistari viwili vifupi ambavyo Pitman hutumia kuonyesha herufi kubwa, ili jicho lisije likalisoma kama neno la kawaida. Likirudi mara ya pili, herufi mbili za kwanza kwa maandishi ya kawaida zinatosha. Wapo wanaoandika majina yote kwa maandishi ya kawaida tangu mwanzo. Kwa jina fupi kama Juma au Temu njia hiyo ni salama na haina gharama. Kwa Mwanahamisi ni sekunde ambazo huna.

Nani achague nini

Mwenye miezi mitatu au zaidi na aliye chuoni asomewe majina na wenzake wa mikoa mbalimbali, ajirekodi tarakimu kwa kiunzi, na Bunge aliache hadi mwendo wake ukomae. Aliyebakiza wiki mbili asianze njia mpya ya kuandika. Abaki na vipande au moja kwa moja kama alivyozoea, na atumie muda wote uliobaki kusomewa na watu wasiojua karatasi zake, kwa sababu ugeni wa sauti ndio utakaomshtua siku ile. Aliye kazini tayari na anayetaka kupanda daraja, ambaye hana wenzake wa kukaa nao, aanze na rekodi za kubadilishana kwa simu na mtu mmoja wa mbali, hata kama ni katibu mwenzake wa mkoa mwingine, kisha aongeze Hansard kwa ajili ya majina.

Anayefanya imla ya lugha zote mbili, na matangazo ya ajira yanadai zote mbili, asizichanganye katika kikao kimoja cha tarakimu. Mkono unaotoka kwenye Kiingereza, ambako tarakimu hutangulia uzito, unahitaji muda kurudi kwenye milioni tatu na laki nne. Kiswahili kiwe jioni moja na Kiingereza jioni nyingine, kila kimoja na rekodi zake, na kuchanganya kuje katika siku za mwisho tu, Kiswahili kikitangulia mara moja na Kiingereza kikitangulia mara nyingine, ili mfuatano wowote utakaokutana nao kwenye chumba cha mtihani uwe umeshaupitia.